Shaka ya Mtani: Makocha wa Simba na Yanga Mbele ya Baraza la Jirani

Baina ya nyumba ya klabu ya Yanga, iliyoko makutano ya mitaa ya Twiga na Jangwani, na ile ya Simba iliyoko Mtaa wa Msimbazi, hakuna masafa ya kumchosha mtu mzima aendaye kwa miguu. Na kwa kuwa ujirani huo ni wa tangu miaka ya 1930, ni nadra furaha au msiba wa nyumba moja kukawia kufika katika nyumba ya pili. Mtu atakaye kuelewa kwa nini kila kocha mgeni ashukaye Dar es Salaam huhukumiwa kwanza na watu wasiomwajiri, na baadaye ndipo na wale waliomwajiri, hana budi kuanza na ujirani huu. Kwa muda mrefu nimeamini, na historia ya klabu hizi mbili imenizidishia imani hiyo, ya kwamba shaka ya jirani juu ya kocha wa mwenzake haikupata nguvu kwa sababu ya ukweli wake, bali kwa sababu ya wepesi wake wa kuvuka barabara na kupokewa na watu ambao ilikuwa haki yao kuikataa.

Yanga ilizaliwa mwaka 1935, na mwaka uliofuata ikazaliwa ile ambayo leo ni Simba, ambayo kwa masimulizi ya wazee ilitokana na watu waliojitenga na wenzao. Ikaitwa Queens, ikaitwa Eagles, kisha ikadumu miaka mingi kwa jina la Sunderland, hata mwaka 1971 ilipoliacha jina hilo la Kiingereza ikajitwalia la mnyama. Maadamu asili yao ilikuwa moja, mahasimu hawa hawakupata kuwa wageni wao kwa wao. Ziko nyumba nyingi Kariakoo, Ilala na Magomeni ambamo baba ni wa kijani na njano ya Yanga ilhali mama ni wa nyekundu na nyeupe ya Simba, na watoto wamegawanyika kama walivyojaaliwa. Na katika nyumba hizo habari ya kocha mpya wa upande mmoja huzungumzwa mbele ya sinia moja la futari, mkejeli na mkejeliwa wakichovya mchuzi mmoja. Kwa hiyo utani wao ulikuwa na haki zote za utani wa jadi: mtu kusema lolote bila ya kukasirikiwa, na mwenziwe kungoja zamu yake ya kusema.

Katika miongo ya mwanzo kocha hakuwa mtu wa kuzungumzwa sana. Aghalabu alikuwa mchezaji wa zamani aliyeshika firimbi kwa mapenzi ya klabu, na juu yake walikaa wazee ambao neno lao ndilo lililokuwa la mwisho katika kupanga timu, kukaribisha wageni na kuamua nani alale kambini. Yanga ilipoifunga Sunderland mabao 5 kwa 0 tarehe 1 Juni 1968, waliobaki vinywani mwa watu ni wachezaji, hapana aliyekwenda barazani kumtafuta mwalimu amtukuze au amtweze. Fauka ya hayo, palikuwapo imani iliyoenea ya kwamba mchezo mkubwa huamuliwa usiku kabla ya mchana wake, na kazi hiyo ya usiku ilikabidhiwa watu waliojulikana kwa jina la heshima la kamati ya ufundi. Timu iliyoshindwa iliambiwa imezidiwa maarifa hayo. Ndiyo maana hata katika miaka ya karibuni mamlaka ya soka zimekuwa zikizitoza faini klabu hizi kwa kuukwepa mlango rasmi wa uwanja na kutafuta njia nyingine ya kuingilia. Mimi si mtetezi wa ushirikina, kwa maana umepoteza fedha nyingi na akili nyingi. Lakini insafu yataka tukiri kwamba ulimpa kocha kinga ambayo hajaipata tena tangu siku ile lawama zilipohama kutoka kwa mganga zikamwangukia yeye.

Kuhama huko kulianza kuonekana katika miaka ya 1970, serikali ilipotilia mkazo michezo na walimu kutoka nchi rafiki walipoanza kuja. Yanga ilimpata Victor Stanculescu kutoka Romania, ambaye mashabiki wake walimpa cheo cha Profesa, na katikati ya muongo huo ikamtwaa Tambwe Leya kutoka Zaire. Hapo ndipo jirani alipopata mtu wa kumtilia shaka. Cheo cha Profesa kilichotolewa Jangwani kwa taadhima kilikuwa, kwa masikio ya Msimbazi, deni la kulipwa uwanjani kila wiki, kwani msomi hasamehewi sare. Katika zama hizo Yanga iliifunga Simba 2 kwa 1 katika uwanja wa Nyamagana, Mwanza, mwaka 1974, katika mchezo ambao wazee wa pande zote mbili huuhesabu kuwa miongoni mwa iliyo mikali kuliko yote. Na mwaka 1975 huko Unguja Yanga ikaifunga tena Simba mabao 2 kwa 0, ikatwaa ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati. Ingetarajiwa kwamba ushindi wa namna hiyo ungeifunga milango ya maneno. Lakini mwaka 1976 Yanga ilipasuka, kundi moja la wachezaji na wanachama likatoka na kuunda Pan African, na mji mzima ukagawanyika baina ya waliobaki, walioitwa Kandambili, na waliotoka, walioitwa Raizon. Klabu ile haikuvunjwa na Simba; ilivunjwa na watu wake wenyewe waliokuwa wamekwisha acha kuaminiana, na mwaka uliofuata, tarehe 19 Julai 1977, Simba ikavuna matunda ya mpasuko huo kwa mabao 6 kwa 0, matatu katika hayo yakifungwa na Abdallah Kibadeni.

Wala Msimbazi haikusalimika na maradhi hayo. Mwaka 1979, katika mashindano ya mabingwa wa Afrika, Simba ilifungwa nyumbani mabao 4 kwa 0 na Mufulira Wanderers ya Zambia, na katika siku zilizofuata hapakuwa na mtu Dar es Salaam, wa rangi yoyote, aliyeona haja ya timu kusafiri kwa mchezo wa pili. Timu ikasafiri. Ikashinda mabao 5 kwa 0 huko huko Zambia, Thuwein Ally akifunga matatu. Huwa nawatajia vijana kisa hiki kila wanaponiambia kwamba mchezo mmoja unatosha kumjua mwalimu, nao hunijibu kuwa hiyo ilikuwa zamani.

Kwa mwalimu mzalendo shaka ilikuwa ya namna nyingine. Kibadeni yule yule, alipokuwa kocha, aliifikisha Simba katika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993. Akarejea kutoka Abidjan na sare ya 0 kwa 0, na nchi nzima ikajiandaa kwa sherehe, kisha Stella ya Abidjan ikaja ikashinda 2 kwa 0 mbele ya macho ya Watanzania. Upande wa pili haukuweza kusema kwamba hajui mpira, maana alikuwa amekwisha wafundisha kwa miguu yake mwaka 1977; ukasema basi kwamba mwalimu wa nyumbani hawezi kuwatisha Waarabu na watu wa Afrika Magharibi. Muongo mmoja baadaye, mwaka 2003, James Siang'a kutoka Kenya, aliyekuwa kipa katika ujana wake, aliiongoza Simba kuwavua ubingwa wa Afrika Zamalek huko huko Cairo kwa mikwaju ya penalti, naye pia alikuwa ameambiwa kwamba ni jirani tu wa hapo Nairobi, na jirani hana jipya. Na Mzambia Patrick Phiri aliipitisha Simba msimu mzima wa 2009/10 bila ya kufungwa katika ligi, ikawa ajabu, lakini hata ajabu ile ilipimwa Jangwani kwa kipimo cha udhaifu wa wapinzani.

Redio za FM zilipoenea mwishoni mwa miaka ya 1990, na baada yake televisheni iliyoonyesha ligi nyumbani kwa kila mtu, baraza la jirani lilipanuka likawa nchi nzima. Zamani shaka ilisemwa jioni, ikalala, na asubuhi mtu akaenda kazini. Sasa ilianza alfajiri katika vipindi vya michezo, ikapanda daladala, ikashinda vijiweni na kwenye magenge ya kahawa, na ilipofika usiku ilikuwa imekwisha pata sura ya habari iliyothibitika. Kadhalika fedha ziliongezeka, matajiri wakaingia na udhamini wao, na makocha wakatoka Serbia, Uholanzi, Ubelgiji, Brazil na Afrika Kaskazini, wengine wakikaa miezi kadhaa tu. Mashtaka dhidi yao, ukiyasikiliza kwa makini, hayakuwa mengi. Kama kocha mpya ni mzee, basi amekuja kustaafu. Kama ni kijana, amekuja kujifunzia. Asiye na makombe ni kanjanja, na mwenye makombe ameyapata pengine ambako wachezaji walimbeba. Na aliyeanza kwa kushinda amerithi timu iliyokamilika, sifa ni za mtangulizi wake. Hili la mwisho ndilo lenye sumu kuliko yote, kwa sababu halina jawabu: mtu akishindwa ameshindwa mwenyewe, akishinda ameshinda mwingine aliyekwisha ondoka.

Patrick Aussems, Mbelgiji, aliyaonja yote hayo katika msimu wa 2018/19. Simba ilikuwa imeingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa baada ya miaka mingi ya kuitamani, ikaenda Kinshasa ikafungwa na AS Vita mabao 5 kwa 0, ikaenda Misri ikafungwa na Al Ahly 5 kwa 0 vile vile. Sina haja ya kueleza jinsi Yanga walivyoipokea namba hiyo. Watoto waliinyanyulia vidole vitano kila jezi nyekundu iliyopita. Kocha akaendelea na kazi. Al Ahly walipokuja Dar es Salaam walifungwa 1 kwa 0 kwa bao la Meddie Kagere, na AS Vita walipokuja wakafungwa 2 kwa 1, bao la pili likitoka kwa Clatous Chama zikiwa zimebaki dakika chache, na Simba ikaingia robo fainali kabla ya kutolewa na TP Mazembe. Uongozi wa Msimbazi ungalimsikiliza jirani baada ya safari ya Misri, pasingalikuwapo mtu wa kuwapanga wachezaji wale siku ya AS Vita. Hata hivyo haukupita mwaka kabla ya Aussems kufukuzwa, katika Novemba ya 2019, ambapo subira iliyoshinda vipigo vikubwa ilishindwa na jambo dogo.

Nasreddine Nabi, Mtunisia aliyewahi kufundisha Al Merrikh ya Sudan, alikuja Yanga Aprili 2021. Julai aliifunga Simba 1 kwa 0 katika ligi, lakini kabla ya mwezi kwisha akapoteza kwao fainali ya kombe la shirikisho la nchi huko Kigoma kwa bao la Taddeo Lwanga. Na Septemba Yanga ikatolewa mapema Afrika na Rivers United ya Nigeria, ikifungwa 1 kwa 0 nyumbani na 1 kwa 0 ugenini. Hapo wenye nyekundu walisema, na nadhani walisema kwa dhati, kwamba mtu huyu hana muda mrefu. Lakini yaliyofuata yalikuwa msimu mzima wa ligi bila ya kufungwa, mfululizo wa michezo 49 ambao klabu ya Ihefu ndiyo iliyoukata Novemba 2022, ushindi wa 1 kwa 0 ugenini Tunis dhidi ya Club Africain, na mwishowe fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2023, ambayo Yanga ilipoteza kwa USM Alger kwa sheria ya bao la ugenini tu, baada ya kufungwa 2 kwa 1 nyumbani na kushinda 1 kwa 0 huko Algiers. Katika historia ya Jangwani sijui jambo lililofanywa kwa busara kuliko ule uamuzi wa kunyamaza baada ya Rivers United.

Nabi alipoondoka Juni 2023, nafasi yake akapewa Miguel Gamondi, Muargentina aliyekwisha fundisha Afrika Kusini, Algeria na Morocco. Shaka juu yake ilikuwa kubwa kuliko ya wengi waliomtangulia, kwa sababu ilitoka pande zote mbili: Simba walimshuku kwa desturi, na Yanga walimshuku kwa kumlilia Nabi. Tarehe 13 Agosti, katika uwanja wa Mkwakwani, Tanga, timu hizo zilikutana kugombea Ngao ya Jamii, zikatoka 0 kwa 0, na kipa kijana wa Simba, Ally Salim, akazuia penalti tatu za Yanga. Simba ikabeba ngao. Safari ya kurudi Dar es Salaam ilikuwa ndefu kwa wenye njano, na katika njia ile yote, kuanzia Muheza hadi Chalinze, hukumu ilikuwa imekwisha andikwa: wa Msimbazi wana kocha, wa Jangwani wameokota mzee. Kocha huyo wa Msimbazi alikuwa Mbrazili Roberto Oliveira, aliyejulikana zaidi kwa jina la Robertinho, ambaye alikuja Januari kutoka Vipers ya Uganda, akaifikisha Simba robo fainali ya Afrika na kutolewa na Wydad kwa penalti tu, na katika Aprili ya mwaka huo huo alikuwa amemfunga Nabi mwenyewe 2 kwa 0.

Ikaja tarehe 5 Novemba 2023, watani wakakutana katika ligi. Kibu Denis wa Simba alikuwa amesawazisha bao la Kennedy Musonda wa Yanga, na hadi mapumziko hapakuwa na mtu aliyeweza kuapa nani ni bora. Kisha katika kipindi cha pili Yanga ikafunga, ikafunga tena, hata matokeo yakawa 5 kwa 1. Robertinho hakuwa amepoteza mchezo wowote wa ligi msimu ule kabla ya siku hiyo. Siku mbili baadaye hakuwa na kazi. Ninalisema hili bila ya uzito wa rangi: nililihuzunikia. Kiongozi aliyeamua jambo lile hakusukumwa na hesabu za ligi, ambazo zilikuwa nzuri, bali alisukumwa na kelele, na sehemu kubwa ya kelele zile haikutoka kwa watu wa Simba. Ilitoka ng'ambo ya barabara, kwa watu waliokuwa wakifurahi, na Msimbazi ikaitikia furaha ya mtani wake kana kwamba ni ushauri wa ndugu.

Simba ikamwendea Abdelhak Benchikha, na hapa jirani alipata taabu ya kweli, kwa kuwa Benchikha ndiye aliyekuwa kocha wa USM Alger katika fainali ile ya 2023; kumwita kanjanja kulikuwa ni kukiri kwamba Yanga iliporwa kombe na kanjanja. Basi kwa majuma kadhaa mji ulishuhudia jambo adimu, mashabiki wa Yanga wakimnyamazia mwalimu wa Simba. Wengine walisema tu kwamba Dar es Salaam si Algiers. Aprili 2024 Yanga ilishinda 2 kwa 1, na kabla ya mwezi kwisha Benchikha akaaga kwa kutaja sababu za kifamilia, akiwa ameiachia Simba Kombe la Muungano alilolitwaa Zanzibar.

Si kila shaka ilikuwa ya uongo, na mwenye kudai hivyo atakuwa anawadhulumu mashabiki, ambao macho yao yameona mpira mwingi. Wapo makocha waliokuja kwa picha nzuri na maneno mengi, wakapita kama abiria, na jirani aliwaona mapema kuliko wenyeji waliopofushwa na matumaini. Mtu asiye na mapenzi huona kasoro upesi. Lakini huyo huyo asiye na mapenzi hana haja ya kungoja, wala hagharimiki kitu kocha akifukuzwa, wala hatakuwapo kambini Julai mwalimu wa tatu wa mwaka atakapoanza upya kuwafundisha wachezaji mahali pa kusimama. Na ndiyo sababu jicho lake, hata likiona sawasawa, halifai kukabidhiwa kalamu ya kuandikia barua ya kufukuza.

Gamondi naye alipata fungu lake. Baada ya ile 5 kwa 1 aliipeleka Yanga robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, ikatoka 0 kwa 0 mara mbili na Mamelodi Sundowns na kutolewa kwa penalti, huku bao la Aziz Ki wa Yanga lililokataliwa likiwa bado linabishaniwa hadi leo. Akatwaa ligi na kombe la shirikisho la nchi. Novemba 2024 akafungwa na Azam 1 kwa 0, akafungwa na Tabora United 3 kwa 1, na vipigo hivyo viwili vikatosha kumwondoa. Wenye nyekundu walisema waliyajua tangu Tanga. Mwaka 2025 alirudi Tanzania kuifundisha Singida Black Stars, na katika Novemba ya mwaka huo akakabidhiwa timu ya taifa, akaenda nayo Morocco kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, akatoka sare na Uganda na Tunisia, na Tanzania ikavuka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza katika historia yake. Usiku ule wa Tunisia wachezaji wa Simba na wa Yanga walikuwa chini ya mwalimu mmoja, na katika vibanda vya Kariakoo watu wa Msimbazi na wa Jangwani walikaa benchi moja wakimwombea mzee yule yule wa Mkwakwani.